Somo: Kazi ya saa chache ukiwa kwenye Universal Credit, na kodi yako ya nyumba inavyoguswa

Waswahili wengi Uingereza bado wanaogopa saa 16 za kazi kwa wiki. Wanaambiwa wakizidisha hapo, msaada unafungwa na nyumba inaondoka. Sheria hiyo ni ya misaada ya zamani, na bado ipo kwenye New Style JSA (msaada wa mtu asiye na kazi). Universal Credit (UC), msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, haijali umefanya kazi saa ngapi. Inaangalia mshahara ulioingia, na hasa umeingia tarehe gani. Hiyo tarehe ndiyo inayowaumiza watu kuliko kiasi chenyewe.

Viwango vilivyo hapa ni vya Aprili 2025 hadi Aprili 2026. Hubadilika kila Aprili, lakini hesabu inakwenda vilevile.

Hatua ya 1. Jua unalipwa msaada gani

New Style JSA inatokana na michango yako ya National Insurance (bima ya taifa inayokatwa kwenye mshahara). Ukipata kazi ndogo unaachiwa pauni 5 kwa wiki, zinazozidi zinakatwa pauni kwa pauni. Ukifika saa 16 kwa wiki, inasimama. Ukiwa nayo pamoja na UC, JSA yote inatolewa kwenye UC.

UC ni chungu kimoja: pesa ya kujikimu, ya watoto na ya kodi ya nyumba zinajumlishwa kwanza, kisha ndipo mshahara unakata. Kwa hiyo hakuna fungu la kodi lililofichwa pembeni lisiguswe.

Mwenye viza iliyoandikwa kwamba hana haki ya fedha za umma asiombe UC kabisa, kwani atavunja masharti ya viza. Mkimbizi aliyekwisha kupewa hadhi anaruhusiwa.

Hatua ya 2. Andika tarehe za kipindi chako cha hesabu

Kipindi ni mwezi mmoja kuanzia siku uliyoomba. Uliomba tarehe 12? Basi ni tarehe 12 hadi 11 ya mwezi unaofuata, na malipo huingia siku 7 baada ya kipindi kufungwa. Tarehe hizo zipo kwenye taarifa ya malipo ndani ya akaunti yako ya mtandaoni. Zibandike kwenye friji.

Hatua ya 3. Piga hesabu kabla ya kukubali shifti

Kinachohesabiwa ni mshahara baada ya kodi ya mapato, National Insurance na mchango wa pensheni. Katika kila pauni hiyo, UC inakata peni 55, wewe unabaki na 45.

Mfano: mtu mmoja, miaka 25 au zaidi, hana mtoto, kodi ya nyumba pauni 500 imekubaliwa yote.

UC kamili: 400.14 + 500 = 900.14
Mshahara: 600. Makato: 600 × 0.55 = 330
UC inayobaki: 570.14
Jumla mkononi: 1,170.14

Kazi imemwongezea pauni 270, si 600. Kwa kima cha chini cha pauni 12.21 kwa saa, shifti ya saa 4 inamwachia kama pauni 22, na nauli haimo kwenye hesabu ya UC. Shifti ya saa mbili yenye mabasi mawili kwenda na mawili kurudi inaweza kuwa hasara tupu. Heri saa nyingi kwa siku chache.

Mwenye mtoto, au aliyethibitishwa kuwa na ugonjwa au ulemavu unaopunguza uwezo wa kazi, anaachiwa kwanza kiasi kisichoguswa: pauni 411 kwa mwezi ikiwa UC yake ina sehemu ya kodi ya nyumba, 684 ikiwa haina. Mama wa mtoto mmoja anayepanga na kuingiza 750: 750 − 411 = 339; 339 × 0.55 = 186.45. Hayo ndiyo makato yake yote.

Kuhusu pensheni: wengi hujitoa ili waone pesa zaidi kwenye slipu. Mchango wa pauni 30 ukiurudisha mkononi, UC inakata 16.50 hapohapo, na mchango wa mwajiri unaupoteza pia. Mimi naona ni biashara mbovu.

Hatua ya 4. Linganisha siku ya mshahara na kipindi chako

Ukilipwa kila wiki pauni 150, kuna vipindi vya mishahara 4 (makato 330) na vya mishahara 5 (makato 412.50). Ukilipwa kila baada ya wiki 4, mishahara ni 13 kwa mwaka na vipindi ni 12, kwa hiyo kimoja kitabeba miwili. Yule wa pauni 600 atakatwa 660 na kubaki na UC ya pauni 240.14 wakati kodi ni 500. Hajaibiwa, mshahara wa pili anao. Tatizo ni kwamba makato yanakuja baadaye, pesa ikiwa imeshatumwa nyumbani. Mwezi wa mishahara miwili, tenga zaidi ya nusu ya ule wa pili kwa ajili ya kodi.

Hatua ya 5. Toa taarifa

Ukianza kazi, ripoti kwenye akaunti yako. Baada ya hapo mwajiri akikulipa kupitia mfumo wa kodi wa HMRC (mamlaka ya mapato), UC inasoma yenyewe. Pesa taslimu unaripoti mwenyewe. Usiporipoti ni deni, na likionekana ni la makusudi ni kosa la jinai.

Hatua ya 6. Mwenye nyumba na halmashauri

Kama UC inamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, na UC iliyobaki haifiki kiwango cha kodi, atapelekewa pungufu na wewe unajazia. Mwambie kabla, usisubiri barua. Nafuu ya Council Tax (kodi ya halmashauri) ni ombi jingine kabisa kwa halmashauri, na mshahara ukibadilika nayo hubadilika.

Maswali ya wanachama

Swali (Leicester): Mwalimu, nalipwa tarehe 1. Novemba 1, 2025 ilikuwa Jumamosi, wakanilipa Oktoba 31. Kipindi changu ni tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi. Nina mtoto mmoja, mshahara 750. Nimekatwa karibu 600!

Jibu: Oktoba yako imebeba mishahara miwili: 1,500 − 411 = 1,089, makato 598.95. Novemba haina mshahara, hukatwi kitu. Lakini kwa miezi miwili ulipaswa kukatwa 372.90, kwa hiyo umepoteza 226.05, kwa sababu 411 ya Novemba haikutumika. Anayelipwa kwa mwezi ana dawa: tangu Novemba 2020, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Rufaa, DWP (wizara inayosimamia UC) wanaweza kuhamishia mshahara mmoja kwenye kipindi kingine. Andika kwenye daftari la ujumbe (journal) la akaunti yako ukitaja tarehe zote mbili, ambatisha slipu. Wakikataa, omba uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi mmoja. Mwambie pia mwajiri kwamba akilipa mapema kwa ajili ya wikendi au sikukuu, HMRC humtaka aripoti tarehe ya kawaida ya mshahara.

Swali (London): Kaka, tuko kwenye nyumba ya muda ya halmashauri na watoto wawili. Kodi inalipwa na Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba ulio nje ya UC). Mke wangu akianza kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), itakuwaje?

Jibu: Kwenu UC haina sehemu ya kodi, kwa hiyo kiasi kisichoguswa ni 684. Maadamu UC bado inalipwa, hata kidogo, mshahara haupunguzi Housing Benefit. Hatari ipo UC ikifika sifuri: hapo Housing Benefit inaanza kukatwa peni 65 kwa pauni, na kodi za nyumba za muda ni kubwa mno. Kabla hajakubali saa za ziada, pigeni hesabu ya mshahara unaofuta UC yenu.

Swali (Birmingham): Sisi tumewekewa kikomo cha msaada (benefit cap, yaani jumla ya misaada isizidi kiasi fulani) kwa sababu ya watoto wengi. Kazi inasaidia?

Jibu: Sana. Mshahara wa mke na mume kwa pamoja, baada ya makato, ukifika pauni 846 katika kipindi, kikomo hakiwagusi kipindi hicho. Ukiwa 840, kinaweza kurudi. Hapo shifti moja ina thamani kubwa kuliko malipo yake.

Swali: Desemba nilifanya ovataimu nyingi, UC ikawa sifuri. Naanza upya na kusubiri malipo ya kwanza wiki tano?

Jibu: Hapana, ikiwa haijapita miezi 6. Ingia kwenye akaunti ileile uombe tena, tarehe zako za kipindi zinabaki zilezile. Ila lazima uombe mwenyewe, na uombe mara tu mshahara ukishuka.