SOMO: Jarida limekukatalia kazi, sasa ufanyeje (soma yote kabla hujaniuliza)

Asalaam aleikum wandugu. Wiki hii peke yake watu wanne wamenifuata pembeni na swali lile lile, "hadithi yangu imerudi, niache kuandika?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja, mwenzio akikuuliza mpe hii. Mimi natuma kazi mwaka wa sita huu nikiwa hapa hapa Lamu, na daftari langu lina hapana 31 na ndiyo 4.

1. Soma masharti ya jarida kabla ya kutuma. Idadi ya maneno, aina ya faili, jina lako liwepo au lisiwepo.

2. Andika kwenye daftari: kazi gani, umepeleka wapi, tarehe.

3. Ukishatuma anza nyingine. Kungoja miezi mitatu mpaka sita ni kawaida.

4. Jibu likija lisome MPAKA CHINI. Hapa ndipo nilipoharibu kwa hiyo nisikilizeni. Nilikuwa gatini nangoja boti ya Mokowe, simu ikalia, nikafungua, mstari wa kwanza "tunasikitika hatutaweza", nikafunga hapo hapo. Jua la saa saba, watu wanashusha magunia, mimi nimejifunika uso kwa mtandio nisionekane nalia, nikaapa sitatuma tena. Miezi minane baadaye natafuta risiti ya karo kwenye imeli nikakutana na ile barua, safari hii nikateremka nayo mpaka mwisho. Kumbe mhariri alikuwa ameniandikia aya nzima. Kwamba hadithi inaanza ukurasa wa tatu, pale bibi anaposhona kofia na kuhesabu vitobo kwa sauti ili asimsikie mwanawe anayeaga mlangoni, na kurasa mbili za kabla yake zikatwe zote, halafu nimrudishie kabla ya mwisho wa Septemba. Septemba ilishapita zamani. Nikamwandikia, akanijibu kwa upole kwamba toleo limefungwa na yeye anahama pale. Hadithi ile mpaka leo haijapata pa kutoka.

Basi msifungue majibu njiani. Msiyafute. Msimjibu mhariri siku hiyo, hata kama una hoja. Na mjue hapana ziko aina mbili. Kuna ya wote, haitaji chochote cha kazi yako, "haiendani na mahitaji yetu kwa sasa", hiyo usikeshe ukitafuta maana ndani yake kwa sababu wamepewa watu wote maneno hayo hayo. Na kuna ya kwako, inamtaja mhusika wako au inasema "tutumie nyingine". Mhariri mwenye rundo la kazi mbele yake haandiki hivyo ili kukubembeleza, anataka nyingine kweli, mpelekee na umkumbushe kwamba aliomba.

5. Siku tatu usiiguse. Kulia ruhusa.

6. Isome kwa sauti. Badilisha ukiona kosa mwenyewe, au watu wawili wasiojuana wakikuonyesha mahali pamoja. Mtu mmoja akisema, sikiliza tu uweke.

7. Itume kwingine wiki hiyo hiyo.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Ni refu sijamaliza, kwa kifupi nimjibu vipi mhariri aliyenikatalia?

Namba 4. Soma.

Nahodha: Dada tuambizane ukweli, wahariri wa Nairobi watu wa pwani hawatutaki, tunapoteza bando tu.

Ndiyo zangu nne, tatu zimetoka Nairobi na hadithi zote ni za Lamu. Sisemi hakuna mhariri mwenye upendeleo. Wewe umetuma mara ngapi?

Nahodha: Moja.

Basi tuma ya pili ndipo tuzungumze.

Binti Mkomani: Samahani mwalimu, mimi yangu imerudi na alama nyekundu kwenye ndia, mato na nti (yaani njia, macho na nchi), wanasema ni makosa ya tahajia. Ni maneno ya mamangu. Niyatoe?

Usiyatoe mwanangu, na asante kwa kuuliza kabla ya kufuta. Hicho ni Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, si kosa. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858 aliutunga kwa lugha ya huku kwetu. Ila angalia jambo moja, ukiandika "ndia" ukurasa wa kwanza na "njia" ukurasa wa pili, msimulizi ni yule yule, mhariri atadhani umeteleza na hana kosa. Chagua. Mimi msimulizi nampa sanifu, watu wakifungua midomo wanasema Kiamu. Halafu kwenye barua ya kutumia kazi weka mstari mmoja, "mazungumzo yameandikwa kwa Kiamu makusudi". Tangu nianze hivyo sijarudishiwa tena alama hizo. Nitumie kurasa zako mbili nizione.

Mgeni wa Shela: Kwa Kiswahili tutume wapi lakini?

Mashairi, gazeti la Taifa Leo wana ukumbi wake. Jarida la Jalada mwaka 2016 walitoa hadithi moja ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya Kikuyu ikiwa na tafsiri za lugha nyingi na Kiswahili kikiwemo, kwa hiyo pitia uone kama wana mwito. Kama una muswada mrefu iko tuzo ya Safal-Cornell, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inachukua riwaya na mashairi ya Kiswahili, masharti soma ya mwaka huo.

Mgeni wa Shela: Naweza kutuma moja kwa majarida mawili kwa mpigo?

Wakiruhusu. Mmoja akiikubali mwandikie wa pili siku hiyo hiyo kwamba unaiondoa.

Mtunzi wa Matondoni: Mimi ni mashairi, yamerudi eti mizani zimezidi na mimi nahesabu nane nane kwa vidole. Mfano huu: "Mtu wangu nakungojea".

Mizani ni silabi, na hiyo ina tisa ami. M-tu-wa-ngu-na-ku-ngo-je-a. Ile "m" ya mtu inasimama peke yake, ni mizani kamili, kama "n" ya nchi. Lakini mbuzi ni mbili tu, mbu-zi, kwa sababu hapo "m" imeshikana na "b". Piga makofi ukiimba, vidole vinadanganya. Jaribu "Mtu wangu nangojea".

Mtunzi wa Matondoni: Nimepiga makofi beti zote nilizokutumia. Mistari mitano ina mtu na yote mitano imezidi.

Rekebisha hiyo mitano. Ule ubeti wa jahazi lililolala ubavu usiuguse, uko sawa.