Mbwa mwenye nguvu nyingi asitoroke nyumbani: ziba njia, mpe kazi, kisha mfundishe geti

Mbwa anayetoroka hujilipa mwenyewe. Akipenya getini akafika jalalani, akaokota mfupa, akakimbiza kuku na kunusa kila nguzo ya mtaa, amepata tuzo kubwa kuliko yoyote utakayompa wewe. Ndiyo maana tunaanza na kuziba njia, halafu mazoezi, halafu mafunzo. Ukianza na mafunzo huku uzio una tundu, kila anapotoka anakurudisha nyuma.

Mwongozo huu ni wa wenye German Shepherd, Malinois, Husky, Pointer na machotara wao waliojaa Nairobi. Wengi wao hufungiwa bandani mchana kutwa, kisha hufunguliwa usiku walinde boma. Mbwa wa kazi aliyelala saa kumi na mbili mfululizo ana nguvu ambazo kiwanja cha futi 50 kwa 100, chenye nyumba katikati, hakiwezi kuzimaliza. Geti likifunguka tu, anachomoka.

Hatua ya 1: Jua anapotokea, saa ngapi, na anafuata nini

Usinunue chochote kwanza. Zunguka uzio wote kwa miguu, polepole. Tafuta nywele zilizonaswa kwenye waya, alama za kucha kwenye mabati, udongo uliochimbuliwa, na nyasi zilizolazwa njia moja. Kama bado hujui, tegesha simu kuukuu dirishani irekodi ukiwa umetoka.

Andika saa pia, kwa sababu saa hutaja sababu. Anayetoroka kila siku baada ya watu kwenda kazini ameachwa bila shughuli. Anayetoroka usiku wa ngurumo au fataki za Mwaka Mpya anakimbia hofu, na huyo hatatulizwa na mazoezi: mpe chumba cha ndani chenye pazia zito na redio. Dume anayetoweka siku mbili tatu, hali chakula na analia usiku, amenusa jike aliye kwenye joto. Na kwa wanaoishi karibu na msitu wa Karura, Muthaiga au Karen, tazama juu: kima wakitembea juu ya ukuta, mbwa mwindaji hupagawa na hupanda mahali ambapo hujawahi kumwona akipanda.

Hatua ya 2: Ziba chini

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Humwaga mawe kwenye shimo, na kesho mbwa huchimba hatua moja pembeni. Dawa ni kuweka sketi ya wavu:

1. Nunua wavu wa chuma au wa chenilinki wenye upana wa sentimita 90.
2. Ukunje kwa pembe mraba: sentimita 30 zisimame zikiegemea uzio, sentimita 60 zilale chini kuelekea ndani ya kiwanja.
3. Funga sehemu iliyosimama kwa waya wa kufungia nondo, kila baada ya sentimita 20. Ncha zote za waya zikunjwe chini, zisimchome mguu.
4. Ishikilie sehemu iliyolala kwa vigingi vya nondo ya milimita 8, urefu wa sentimita 30, kila nusu mita.
5. Funika kwa udongo, panda nyasi. Zikishaota, mizizi hushika wavu kuliko kigingi chochote.

Inafanya kazi kwa sababu mbwa huchimba pale pale uzio unapogusana na ardhi. Kucha zikigonga waya, husogea kulia au kushoto. Ni nadra sana arudi nyuma sentimita 60 aanzie huko.

Udongo nao una tabia zake. Ule mwekundu wa Karen na Kikuyu ukilowa huchimbika kama unga, kwa hiyo sketi ni ya lazima kabla ya mvua za Machi. Ule mweusi wa Embakasi, Utawala na Ruai ni mgumu kuchimba, lakini hupasuka kiangazi na kuvimba masika, ukisukuma nguzo hadi uzio unainama na kuacha mwanya. Huko nguzo zikae angalau sentimita 60 ndani ya zege, na uzio ukaguliwe mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, na mvua za masika zikiisha.

Ua wa kayaba unaonekana imara kwa sababu ya miiba, lakini ukizeeka hubaki mtupu chini, kwenye mashina. Mbwa hujifunza kulala chali na kupita hapo bila mchubuko. Weka wavu wa urefu wa mita moja upande wa ndani, ufungwe kwenye mashina yenyewe, na sketi chini yake.

Hatua ya 3: Ziba juu

Futi 6 zinawatosha wengi, mradi hakuna ngazi. Na ngazi kwa mbwa ni chochote: tanki la maji, paa la banda lake, rundo la matofali, boneti ya gari. Sogeza kila kitu mita 2 kutoka ukutani. Kazi hii haina gharama, na mara nyingi inamaliza tatizo la mrukaji.

Anayepanda chenilinki kwa kushika matundu anahitaji bomba linalozunguka. Pitisha waya imara au bomba la inchi 1 na nusu kati ya nguzo na nguzo, sambamba na ukingo wa juu wa uzio. Juu yake vesha bomba la PVC la inchi 4 lililo huru kuzunguka. Mbwa akitupa miguu ya mbele ili ajivute, bomba hujizungusha na kumrudisha chini. Lisiache nafasi ya kupitisha kichwa kati yake na uzio: kichwa kikipita, mwili hufuata, au hunaswa katikati, na hilo ni baya zaidi.

Waya wa umeme ulio juu ya ukuta ni wa wezi. Usiushushe kwa ajili ya mbwa. Mwenye kasi hupita huku akilia, kisha akiwa nje anaogopa kurudi kwa sababu kurudi ndiko kwenye maumivu. Mnyororo nao hauzuii kutoroka, unaahirisha tu. Mbwa aliyefungwa kutwa huwa mkali kwa wageni, na siku kiungo kikikatika hukimbia mbali zaidi.

Hatua ya 4: Geti

Pima nafasi chini ya geti. Ikizidi sentimita 7, mwite fundi achomelee bati au chuma bapa. Geti la kusukuma kando huacha mwanya kwenye nguzo linapofungia. Hapo tia kipande cha chuma kinachopishana na geti kwa sentimita 10. Komeo la kuinua mbwa mwerevu hulifungua kwa pua, kwa hiyo liwe na kufuli au ndoano ya kujifunga.

Kama una pesa ya jambo moja tu katika mwongozo huu, jenga kizimba cha ndani: wavu wenye kimo cha futi 5 unaozunguka mlango mdogo wa geti, upana mita 1.5 na urefu mita 2, wenye mlango wake unaofungukia upande wa mbwa na springi ya kuufunga wenyewe. Mgeni anaingia, anafunga geti, ndipo anafungua mlango wa pili. Milango miwili haifunguliwi kwa pamoja kamwe. Kinazuia makosa ya watoto, mleta maji, mlinzi mpya na shangazi aliyekuja na mizigo. Hao hutawafundisha wote.

Hatua ya 5: Mpe kazi kila siku

Watu wengi humkimbiza mbwa nyuma ya pikipiki hadi ulimi unagusa lami. Kinachotokea ni kwamba anapata pumzi ya mwanariadha, na baada ya miezi miwili anataka mara mbili ya hapo. Miguu peke yake haimchoshi. Pua na akili humchosha haraka.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla lami haijapata moto, mtembeze dakika 30 hadi 45 kwa mkanda wa mita 2 au 3. Mwache anuse. Mkimgeuza kila anapoinamisha kichwa, mmetembeza miguu tu. Wikendi mpeleke Karura; huruhusiwa akiwa kwenye mkanda.

Usimpe chakula chote kwenye sahani. Theluthi moja itumike kwenye mafunzo. Nyingine imwage nyasini aitafute kwa pua, inamchukua robo saa. Iliyobaki, kama ni ugali na omena, ikandamize kwenye vishimo vya trei ya mayai ya karatasi, funika kwa trei ya pili, mwache aifungue. Kaa naye, uondoe karatasi akianza kuimeza. Mbwa mkubwa mwenye kifua kipana asikimbizwe kwa saa 2 baada ya kula, tumbo lisije likajaa gesi na kujisokota.

Jioni, dakika 10 za fimbo yenye kamba na kitambaa mwishoni: aruhusiwe kukimbiza, kukamata, kisha kuachia anapoambiwa. Kwa mbwa asiyefika mwaka mmoja na nusu, kitambaa kikae chini, asiruke. Viungo bado ni laini.

Hatua ya 6: Mfundishe geti na wito

Tandika mkeka mita 3 kutoka getini. Tuzo ziwe omena wakavu au maini yaliyochemshwa, vipande vya ukubwa wa haragwe. Mvishe mkanda wa kifuani, ushikwe na mtu wa pili. Agiza aende mkekani, mpe. Gusa komeo, akitulia mpe. Fungua sentimita 5, akitulia mpe. Akiinuka, funga geti bila neno, anza tena. Mara 10 kwa kipindi, vipindi 2 kwa siku. Usiongeze ugumu hadi afaulu mara 8 kati ya 10.

Akishaelewa, ongeza honi. Piga honi, mwelekeze mkekani, mpe tuzo. Baada ya wiki kadhaa honi ya gari getini, ambayo zamani ilimfanya akimbilie nje, humpeleka mkekani bila kuagizwa.

Wito hufundishwa kwa kamba ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si kwenye kola, maana akifika mwisho kwa kasi atajiumiza shingo. Chagua neno moja, "njoo" au "kuja", na nyumba nzima ilitumie hilo, pamoja na mlinzi na dada wa nyumbani. Anza sebuleni, kisha uani, kisha uwanja wenye mbwa wengine. Usimwite ili umwogeshe wala umfungie bandani. Na hata akirudi baada ya saa 3 akinuka jalala, msifu. Ukimchapa, unamchapa kwa kurudi.

Hatua ya 7: Kuhasi, kola na chanjo

Kuhasi hupunguza kuzurura kwa madume wengi, lakini homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, kwa hiyo uzio ubaki umefungwa. Jike hupata joto takriban kila miezi 6, kwa wiki 3 hivi. Muda huo alale ndani. Kola iwe na kibati kilichochongwa nambari ya simu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka.

Akitoka licha ya yote

Usimfukuze, maana atadhani ni mchezo. Mwite kwa sauti ya furaha ukikimbia upande wa pili, au chuchumaa. Wengine huingia wenyewe wakiona mlango wa gari u wazi. Akitoweka, tuma picha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kisha nenda mwenyewe kwenye steji ya bodaboda na kwa walinzi wa mageti ya jirani; hao ndio wanaoona barabara usiku kucha. Uliza pia KSPCA, shirika la kutunza wanyama, pale Karen.

Akirudi, mkague kupe masikioni na kati ya vidole. Kama amemuuma mtu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Kama amepandana, mchunguze sehemu za siri kwa miezi kadhaa: damu inayodondoka au kinyama chekundu kinachoota ni dalili ya uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, na hutibika vizuri ukiwahiwa. Kama ni jike, mwone daktari wa mifugo wiki hiyo hiyo, na usimpe dawa yoyote ya binadamu ya kuzuia mimba.