Namna ya Kulisahihisha Jina la Ukoo Lililoandikwa Vibaya

Katika familia za Lamu ambazo mababu zao walikuja kutoka Hadhramaut, huko Yemen, si ajabu kukuta ndugu watatu wa baba mmoja na mama mmoja wenye vitambulisho vilivyoandikwa Al-Amoudi, Amudi na Alamoody. Nimeshuhudia mirathi ya shamba dogo la minazi ikikwama kwa miezi kadhaa kwa kuwa karani hakukubali kwamba hao ni watoto wa mtu mmoja.

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kaeni na mzee wa familia, naye aliandike jina kwa herufi za Kiarabu. Hapo ndipo asili ya kosa huonekana. Amudi huanza na ain, sauti ya kooni isiyo na herufi katika alfabeti ya Kilatini, kwa hiyo kila karani huandika alivyosikia. Tahajia ya "ou" nayo ni ya kigeni: mwalimu aliyezoea kusoma Kiswahili atatamka o kisha u, na mtoto ataitikia jina ambalo babu yake hakulijua. Katika jina jingine la ukoo, Bawazir, "Ba" ya mwanzo ndiyo inayoonyesha ukoo wa Kihadhrami. Ikikatwa inabaki Wazir, jina ambalo halimwelezi tena mtu ni wa ukoo gani.

Kisha chagueni tahajia moja. Kwa watoto wachanga napendelea ile inayosomeka Kiswahili, yaani Amudi. Lakini ikiwa wengi katika familia tayari wana paspoti na hati za ardhi zenye Al-Amoudi, ifuateni hiyo, kwa sababu kwenye nyaraka ulinganifu una uzito kuliko uzuri wa tahajia.

Anzeni na cheti cha kuzaliwa, maana kitambulisho na paspoti hutegemea hicho. Kosa la uandishi hupelekwa kwa msajili wa vizazi pamoja na ushahidi: cheti cha ndoa ya wazazi kutoka kwa kadhi, kitambulisho cha baba, kadi ya kliniki. Mtu mzima anayetaka kubadili jina lenyewe huandikiwa na wakili hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ikiwa lengo ni kuthibitisha tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, hati ya kiapo mara nyingi hutosha, na gharama yake ni ndogo zaidi.

Msishtuke mkiona kistari cha Al-Amoudi kimetoweka katika mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa paspoti. Kwa kanuni za kimataifa, mahali pake huwekwa alama ya <, na hilo si kosa la kusahihishwa.

Mtoto anapoandikishwa kwa mtihani wa taifa, mzazi aende shuleni mwenyewe, aisome orodha herufi kwa herufi kabla haijatumwa, kwani cheti kikishachapishwa kazi huwa kubwa zaidi. Siku hiyo hiyo amtamkie mwalimu jina polepole, mara mbili, kisha amwombe alirudie. Mwalimu mwenye adabu zake hachukii kuombwa hivyo, naye mtoto aliyesimama kando husikia jina lake likitamkwa sawasawa mbele ya wenzake.