Kabla hujagusa mfumo wa grisi wa presi ya kufulia chuma

Naongelea presi ya mekanika, ile yenye flaiwili (gurudumu zito linalozunguka) na krankshafti inayoshusha slaidi, yaani kile kichwa kinachopanda na kushuka, inayopiga chuma kikiwa cha moto nyuzi 1,100 mpaka 1,250 hivi, na grisi yake inatoka kwenye pampu moja inaingia kwenye bloku za kugawa, bloku hii inailisha ile mpaka inafika kwenye beringi, bushi na njia za slaidi. Ile grafaiti wanayopuliza kwenye dai, yaani kalibu ya kukipa chuma umbo, ni habari nyingine, tuiache.

Wengi wetu tunaangalia pampu. Pampu inanguruma, taa ya kijani inawaka, basi mtu anasaini anaenda zake chai. Sasa pampu kuzunguka na grisi kufika ni vitu viwili, kuna siku nimekuta hosi imechomoka kwenye njia ya slaidi, grisi yote inamwagikia kwenye fremu na alamu iko kimyaaa, maana swichi ya bloku inahesabu tu vipistoni vinavyotembea, laini ikikatika mbele yake vipistoni vinatembea tena kwa raha kuliko mwanzo. Ikiziba ndo utasikia kelele.

Kwa hiyo hata spana usishike kwanza. Siku moja kabla ya kusimamisha mashine, ikiwa bado inapiga kazi, simama nje ya uzio utizame kila bushi kama ina ile pete ya grisi mbichi pembeni, na njia za slaidi kama zina utelezi au zimekauka zina unga mweusi wa magamba yanayobanduka kwenye chuma cha moto. Andika joto la kila beringi, ampia za mota kubwa, presha ya geji pampu ikisukuma, na mzunguko mmoja wa grisi unamalizika kwa muda gani. Ukishafungua, namba hizo huzipati tena, na usipokuwa nazo utajuaje kama umetengeneza au umeharibu?

Ukizima umeme, kufuli weka lako na ufunguo ukae mfukoni mwako. Ila flaiwili haijali kama umezima umeme, subiri isimame kabisa, weka vile vizuizi vya chuma chini ya slaidi, toa hewa ya klachi na breki, alafu toa na presha ya laini ya grisi. Hii ya mwisho watu wanaipuuza sana. Pampu nyingi za namna hii zinafika bar 250 mpaka 300, grisi ikitoka kwenye kitundu kidogo inapenya ngozi kama sindano, unaona kitone tu wala hakiumi sana, kumbe ndani kidole kinaoza. Usitafute leki kwa mkono, na ikimpata mtu ni hospitali saa hiyohiyo, daktari aambiwe wazi ni grisi ya presha.

Kwenye pipa soma jina la grisi, sio rangi! Ya litiamu na ya poliurea zikikutana zinaweza kugeuka uji au zikakakamaa, na namba 2, yaani grisi nzito zaidi, inaweza kuisumbua pampu iliyozoea namba 0 au 1, hasa asubuhi ya baridi. Na jamani tuache kufungua mfuniko na kuchota kwa kibao, kipistoni kimekaa kwenye tundu lake kwa nafasi ya maikroni chache tu, gamba moja likiingia bloku nzima inasimama. Jaza kwa pampu, kupitia tundu la kujazia lenye filta.

Ikiwa imeziba, legeza matokeo ya bloku (matundu ya kutolea grisi) moja moja, lile litakalotema grisi kwa nguvu na pini ya kuonyesha mwendo wa vipistoni ikaanza kutembea ndo laini yenye shida. Vipistoni usivichanganye, kila kimoja kimesagwa na tundu lake. Tokeo lisilotumika usilizibe kwa nati tu, utaifunga bloku yote. Hosi mpya ijazwe grisi kabla ya kuifunga, la sivyo beringi itakula hewa masaa na masaa.

Taima ya pampu ya grisi usiiguse kwa kukisia. Kuna mafundi wanaona grisi nyingi ni usalama, wakati ikilowesha lainingi ya breki slaidi haisimami pale opereta anapotegemea, na ile inayodondokea shimoni chini ya presi inangoja tu kipande cha moto kiangukie. Safisha hilo shimo kabla hujawasha.

Ukimaliza zungusha pampu kwa mkono mpaka uone grisi mpya kila pointi kwa macho yako, piga slaidi polepole bila chuma, kisha baada ya saa moja ya kazi rudi na ile karatasi ya jana upime joto la beringi zilezile.