Kusafisha sanduku la njumu bila kulimaliza

Masanduku ya njumu, yaani ya mbao yaliyopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba ya manjano (shaba iliyochanganywa na zinki), yale yaliyokuja na majahazi kutoka Bara Hindi na bado yamo kwenye nyumba za Mji Mkongwe na Lamu, huumizwa zaidi na ndimu kuliko uzee.

Hatua ya 1: Tafuta wadudu. Tandika karatasi nyeusi chini ya sanduku kwa wiki 2. Ukikuta unga mpya wa mbao, tibu kwanza kwa kupiga dawa ya wadudu wa mbao kwa sindano ndani ya matundu.

Hatua ya 2: Futa vumbi kwa brashi laini ya rangi. Kitambaa hunasa kwenye vichwa vya misumari na kubandua bamba lililoinuka. Msumari uliolegea usigongwe, tundu limeshapanuka. Uchomoe, tia tundu kijiti chembamba chenye gundi, kisha urudishe msumari uleule kwa kuusukuma na kidole gumba.

Hatua ya 3: Shaba. Hapa ndipo masanduku mengi yanapoharibikia. Asidi ya ndimu au ukwaju hula zinki iliyomo ndani ya shaba na kuacha madoa mekundu yasiyotoka. Chumvi hupenya chini ya mabamba, na unyevu wa masika ukifika, kutu ya kijani huota upya. Stilwaya nayo huacha chembe za chuma zinazoshika kutu.

Saga chaki laini, changanya na maji ya chupa hadi iwe uji mzito. Maji ya kisima cha pwani yaache, mara nyingi yana chumvi. Toboa karatasi ya plastiki tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari, ilalie mbao, kisha sugua kwa pamba iliyozungushiwa kijiti. Futa chaki yote kabla haijakauka, la sivyo itaganda kwenye nakshi. Acha shaba ikiwa na rangi ya dhahabu iliyopoa; mng'ao wa sufuria mpya maana yake umeshakwangua nakshi.

Hatua ya 4: Nta. Yeyusha gramu 100 za nta ya nyuki kwenye bakuli juu ya maji moto. Zima moto kabisa ndipo umimine mililita 300 za tapentaini, kwani mvuke wake hulipuka. Paka kidogo sana, subiri nusu saa, piga brashi ya viatu. Mara moja kwa mwaka yatosha. Mafuta ya nazi hunata na kukusanya vumbi.

Likirudi mahali pake, liweke sentimita 5 kutoka ukutani: kuta za mawe na chokaa hupitisha unyevu.