Somo: Kuchagua mahali pa kupiga kambi katika bonde la Lufira

Kila mwaka mvua zikishakatika, watu wa Lubumbashi huanza kuulizana ni wapi pa kwenda kulala siku mbili tatu nje ya vumbi la mji, na jina la Lufira, mto wa hapa Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, halikawii kutajwa. Wanachama kadhaa wa chama chetu wameniomba nieleze ninavyochagua mahali pa kusimamisha hema katika bonde hilo. Nimefuata hapa utaratibu ninaoutumia mwenyewe, na msomaji ataona kwamba mandhari, ambayo ndiyo inayotutoa nyumbani, imewekwa mwisho kabisa. Mandhari tunaitazama mchana tukiwa tumesimama. Mahali pa kulala panajaribiwa na maji, baridi, moto na wanyama, na karibu vyote hivyo huja wakati tumefumba macho.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya mahali

Huku kwetu mvua hushika mnamo Novemba na kuachia kati ya Machi na Aprili. Mwezi ninaoupenda ni Mei, kwa sababu maporomoko bado yana maji ya kutosha, majani hayajakauka, na barabara za udongo zimeanza kupitika. Mwezi Juni na Julai anga huwa safi, lakini usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na aliyezoea kujifunika kitenge kimoja atakesha akiota moto. Agosti na Septemba ni miezi ya moto wa porini, na moshi huweza kuficha hata ng'ambo ya bonde uliyoifuata. Kuanzia Novemba mimi huacha hema nyumbani, kwa kuwa gari likizama kwenye tope safari yote hugeuka kazi ya jembe.

Hatua ya pili: chagua sehemu ya bonde

Lufira ni mto mrefu unaotiririka kuelekea kaskazini hadi kuingia mto Lualaba, na si kila sehemu yake inamfaa kila mtu. Wenye siku mbili tu huenda upande wa Mwadingusha kwa kupitia Likasi, mji ulio kilomita kama 120 kutoka Lubumbashi. Huko bwawa la umeme linalofanya kazi tangu mwaka 1930 limeuzuia mto na kufanya ziwa Tshangalele, lenye mafunjo, ndege wengi na wavuvi. Bonde hilo la Lufira limo katika orodha ya UNESCO ya hifadhi za biosfea (maeneo ambamo viumbe hulindwa huku watu wakiendelea kuishi humo) tangu mwaka 1982. Wenye siku nne au tano, pamoja na jipu lililo imara, hufika mbuga ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, ambako mto Lofoi huanguka kutoka ukingo wa uwanda wa juu, zaidi ya mita 300, kabla ya kuelekea Lufira. Wengine huendelea hadi Kiubo, kwenye njia ya Mitwaba, ambako Lufira yenyewe inaporomoka kutoka kimo cha mita 60 hivi.

Kwa anayepiga kambi mara ya kwanza ningesema aanzie ziwani, ingawa moyo wangu uko Kundelungu. Angalizo moja kuhusu Lofoi: mwisho wa kiangazi maji yake hupungua sana, na niliwahi kuona wageni waliokwenda Septemba wakirudi na picha za jabali lenye uzi mweupe mwembamba, huku wakilalamika kana kwamba kuna mtu aliyewaibia.

Hatua ya tatu: omba ruhusa, tena kwa watu wote wanaohusika

Ndani ya mbuga, ruhusa hutolewa na ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayosimamia mbuga, na ni vizuri kuulizia katika ofisi zao za mjini kabla ya kutia mafuta garini. Ulizia na hali ya usalama wa njia wiki ileile ya safari, kwa maana eneo la Mitwaba limewahi kusumbuliwa na makundi yenye silaha na habari ya mwaka jana haitoshi. Nje ya mbuga, ardhi unayoiona kuwa pori ina mkuu wa kijiji anayeijua. Nenda kwake kwanza, kaa, salimu, eleza mko wangapi na mtalala siku ngapi, ndipo uzungumzie mahali na kile mtakachotoa. Hapo utapata kijana wa kuwaonyesha njia, na utaambiwa mambo ambayo ramani ya simu haina, kama vile pwani ipi ina mamba na kaburi la nani liko chini ya mti ule mzuri uliokuwa umeutamani.

Hatua ya nne: fika kabla ya saa tisa alasiri, uitembee ardhi kwa miguu

Hii ndiyo hatua ninayoichukulia kwa uzito zaidi, na ndiyo inayorukwa na wengi, kwa kuwa watu hufika wamechoka na wana njaa ya bukari (ugali). Usishushe mzigo. Tembea kando ya mto kwa nusu saa ukiangalia juu na chini.

Juu, tazama matawi. Mto ukifurika huacha alama zake kwenye vichaka: mabua, mizizi na nyasi kavu zilizojisokota kwenye tawi, zote zikielekea upande maji yalikokwenda. Mahali fulani chini ya Kundelungu niliona ganda la hindi na ndara ya plastiki ya mtoto vimekwama kwenye panda ya mti, juu kidogo ya kifua changu, hatua thelathini kutoka maji yalipokuwa siku ile. Mchanga wa chini ulikuwa mweupe na laini, wa kumvutia kila mtu. Alama kama hiyo ikiwa juu ya kichwa cha hema lako, hapo ni njia ya mto, hata kama leo pamekauka. Tena kumbuka kwamba kwenye Lufira kuna mabwawa, la Mwadingusha na la Koni lililo chini yake, kwa hiyo maji ya mto yanaweza kubadilika kwa sababu isiyohusiana na mawingu unayoyaona.

Chini, tazama njia. Mwaka wa kwanza tulikuta kijia safi kilichopanda kutoka majini hadi kwenye nyasi, upana wake kama wa mkokoteni, tukafurahi kwamba kuna mtu aliyetufyekea. Tulikuwa tumeshapigilia vigingi viwili wakati mvuvi mmoja alipopita na mtumbwi wake, akacheka hadi akaacha kupiga kasia. Alituonyesha kwamba kijia kile kilikuwa na mifereji miwili na kigongo cha majani katikati, kwa sababu kiboko ana tumbo pana na miguu iliyoachana, na kila upande wa miguu huchimba mfereji wake. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na hurudi alfajiri kwa njia ileile, na anayekutwa kati yake na maji hana la kumwambia. Tuling'oa vigingi. Tangu siku ile, nikiona mifereji miwili, ninaondoka hata kama sijaona kiboko.

Tazama pia vichuguu. Vile vikubwa vya Katanga, virefu kuliko nyumba, huzuia upepo vizuri, lakini chunguza matundu yaliyo chini yake kabla ya kuweka hema, kwa maana nyoka nao wanavipenda kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya tano: fikiria baridi, upepo na moto kwa pamoja

Hewa baridi ni nzito, na usiku wa Juni huteremka kutoka miinuko na kutuama bondeni kama maji kwenye bakuli. Ukilala chini kabisa utaamka ndani ya ukungu, hema likidondosha matone juu ya uso wako. Ukipanda kidogo, mita kumi hadi ishirini juu ya usawa wa mto, kwenye kipande cha ardhi tambarare kilicho ubavuni mwa mlima, utahisi tofauti asubuhi ya kwanza. Usipande hadi kileleni, kwa kuwa huko utakutana na upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki. Mimi huuelekeza mgongo wa hema upande huo, mlango ukitazama kaskazini-magharibi.

Kuhusu moto, nitasema jambo ambalo wengi hawalipendi: kuanzia Julai, mahali pazuri zaidi pa kulala ni pale palipokwisha kuungua. Ni peusi, panachafua soksi, na hakuna atakayepapiga picha. Lakini moto haurudi mahali usipokuwa na chakula. Wanakijiji huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, na moto huo huwa mdogo. Ule wa Agosti na Septemba hukuta kila kitu kimekauka na hukimbia kupanda mlima haraka kuliko mtu. Kama hakuna palipoungua, fyeka na fagia mzunguko wenye upana wa hatua tano hivi kuzunguka hema, na upikie kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, uliyotoka nayo nyumbani, ukimwagia makaa maji kabla ya kulala.

Hatua ya sita: hesabu maji na choo

Chukua lita nne au tano za kunywa na kupikia kwa kila mtu kwa siku, katika bidoni (madumu) zilizooshwa vizuri. Choo kiwe hatua mia moja au zaidi kutoka mto, kishimo kifukiwe. Usioge kwenye maji yaliyotulia yenye mafunjo na konokono, kwa sababu ya kichocho, wala usichote maji kwa kuinama ukingoni pale unapochota kila siku, kwa kuwa mamba hujifunza mazoea ya watu.

Hatua ya saba: lala chini kabla ya kusimamisha hema

Tandika turubai, jilaze juu yake kwa dakika tano, kichwa upande wa juu. Jiwe, mzizi, mwinamo na mstari wa siafu utavijua hapo. Kisha inua macho utafute matawi makavu yaliyo juu yako. Ukiridhika, na kama kutoka hapo unauona mto, una bahati. Kama huuoni, chukua kiti chako ukakae unakouona hadi giza liingie, halafu urudi.

Maswali ya wanachama, kila mmoja na mtaa wake wa Lubumbashi

Mama wa watoto watatu, Katuba: Shikamoo mwalimu. Je, maji ya Lufira yakichemshwa vizuri watoto wanaweza kuyanywa?

Marahaba, mama. Kuchemsha hadi yatokote kwa dakika moja kunaua vijidudu, na hilo ni lazima kwa maji yoyote ya huko. Lakini upande wa Likasi na Tshangalele kuna tatizo la pili, kwamba mito kama Panda hupokea maji ya viwanda vya shaba na kobalti kabla ya kuingia Lufira, na metali haziondoki kwa kuchemshwa. Maji yanapopungua kwa mvuke, zenyewe hubaki sufuriani. Kwa watoto, beba maji kutoka nyumbani kwa siku zote. Chini ya Kundelungu hali ni nyingine, kwa kuwa vijito vinavyoteremka kutoka uwanda wa juu havipiti viwandani, na hivyo ndivyo tunavyovichota na kuvichemsha.

Mwanafunzi, Kampemba: Nimesoma kwamba moto mkubwa wa kuni hufukuza wanyama usiku kucha. Kwa nini unatushauri tutumie mbabula tu?

Mdogo wangu, moto wa kuni huwapa watu moyo, na mwezi wa Mei siukatai ukiwa mdogo na umezungushiwa mawe. Kiboko aliyezoea njia yake hatageuzwa na moto ambao wewe umeulaza saa nne usiku ukaenda kulala, wakati cheche moja katika nyasi za Agosti inatosha kuchoma hema, gari na shamba la mihogo la mtu.

Baba, Ruashi: Tulikaa karibu sana na maporomoko na mke wangu hakupata usingizi kwa sababu ya kelele. Ni umbali gani unaofaa?

Pole kwake, na umfikishie salamu. Kelele si kero tu, baba: inakuzuia kusikia mnyama, mtu au gari linalokuja. Mimi hurudi nyuma hadi nikiweza kuzungumza na mwenzangu kwa sauti ya kawaida, na kupiga miluzi akanisikia akiwa hatua hamsini. Angalia pia kama nyasi za hapo zimelowa mchana wa jua. Zikiwa zimelowa, rasharasha za maporomoko zinafika, na hema halitakauka.

Dada, Kamalondo: Je, tukichelewa njiani na kufika giza limeshaingia, tutumie tochi kuchagua mahali?

Hapana, dada. Tochi inaonyesha mchanga ulivyo laini, haionyeshi ganda la hindi lililo kwenye panda ya mti wala mifereji miwili ya kiboko. Simameni kijijini mkaombe uwanja wa kulala hadi asubuhi. Sisi safari ya pili tulipasuka gurudumu, tukafika saa mbili usiku, na mkuu wa kijiji akatuweka kando ya ghala lake la mahindi, hema tatu zimebanana. Jogoo wake alianza saa kumi alfajiri, na saa kumi na mbili tulikuwa tayari tunatembea kando ya mto, mizigo ikiwa bado garini.