Somo: Sifa za watu kwa Kiingereza na kinyume chake

Wengi kwenye kundi letu la Kisumu wameomba orodha ya sifa na vinyume vyake. Orodha tupu husahaulika haraka, kwa hiyo tupite hatua kwa hatua, na kila neno ulipe mtu unayemjua.

Hatua ya 1: anza na "un-". Mwendesha boda wa steji ya Kondele anayefika saa mliyoagana ni "reliable". Yule anayesema "niko hapo nje" na bado yuko Mamboleo ni "unreliable". Hivyo hivyo "kind" na "unkind", "fair" na "unfair", "grateful" na "ungrateful". Silabi hii haibadiliki kamwe, hata ikifuatwa na p au r: "unpopular", "unreasonable".

Hatua ya 2: "in-" inayojigeuza. Hapa ndipo watu hukosea zaidi, ingawa sisi tuna msaada nyumbani. Tunasema nguo nzuri, lakini nguo mbaya: n imekuwa m kwa sababu midomo inajiandaa kutamka b. Kiingereza kilirithi tabia kama hiyo kutoka Kilatini. Mbele ya p na m, "in-" huwa "im-": "patient" na "impatient", "polite" na "impolite", "mature" na "immature". Mbele ya r huwa "ir-", kama "irresponsible". Mbele ya l huwa "il-", kama "illiterate". Kwingineko kwa kawaida hubaki ilivyo: "insensitive" (asiyejali hisia za wengine), "indecisive" (asiyeweza kuamua). Angalieni pia kibao cha hospitali kilichoandikwa "Inpatient": huyo ni mgonjwa aliyelazwa, si mtu asiye na subira.

Hatua ya 3: "dis-". Hakuna kanuni ya kukuonyesha ni wapi inatumika. Kariri tu: "dishonest", "disloyal", "disobedient", "disrespectful".

Hatua ya 4: "-ful" na "-less". "Careful" na "careless", "tactful" (anayechagua maneno asiwaudhi watu) na "tactless". Ila mtego upo: "helpless" si kinyume cha "helpful". "Helpless" ni mtu asiyejiweza. Asiyetaka kusaidia ni "unhelpful". Ukiwachanganya hao wawili umemsingizia mgonjwa uvivu.

Hatua ya 5: maneno yasiyofanana kabisa. "Generous" na "mean" (mchoyo), "hardworking" na "lazy", "brave" na "cowardly". "Coward" peke yake ni nomino, kwa hiyo sema "he is a coward" au "he is cowardly".

Hatua ya 6: pima uzito. Kukanusha si sawa na kutaja kinyume. Asiye "generous" si lazima awe "mean". Huenda ni mtu wa kawaida tu. Ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini, "not always punctual" (wakati mwingine huchelewa) inaeleza kasoro moja, bali "unreliable" inaweza kumnyima riziki. Nawasihi sana hapa.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Nakuru:* Mwalimu, kwenye KCSE wakiuliza "character traits", naweza kuandika "he helps people"?

Hicho ni kitendo. Taja sifa kwanza, kisha ushahidi kutoka kwenye hadithi: "He is selfless. He gives his only blanket to the stranger." Kinyume chake ni "selfish".

*Mama wa mitumba, Kibuye:* Mwalimu, "proud" ni sifa nzuri au ni matusi?

Yote mawili, mama. "I am proud of my daughter" ni kujivunia, na kinyume ni "ashamed". "He is too proud to greet us" ni maringo, na kinyume ni "humble". Ukitaka kusema maringo bila utata, tumia "arrogant".

*Mwanachama wa Kakamega:* Kinyume cha "shy" ni kipi?

Inategemea. Anayependa kuchangamana na watu ni "outgoing". Anayesimama mbele ya baraza bila woga ni "confident". Wapo watu "quiet" ambao ni "confident" kabisa.

*Mwanachama wa Mumias:* Na "uninterested" na "disinterested"? Kamusi yangu imeweka yote mawili.

Weka yote mawili nawe. Mzee anayeamua mgogoro wa mpaka wa shamba anatakiwa awe "disinterested", yaani hana maslahi upande wowote. Akiwa "uninterested" atasinzia ukieleza.